Vijiti Kumi Safi na Kopo la Filda

Kosa lilikuwa langu. Waliokuwapo wamezoea kuitupia lawama mvua, au wauza dawa, au serikali ya wanajeshi ya wakati ule, ambayo kwa kweli ilistahili lawama nyingi, lakini hili si lake. Naitwa Tarcisio Ojara. Mwaka 1975 nilikuwa fundi wa maabara katika zahanati moja ya familia za polisi, mteremkoni mwa Naguru, na kilichoniponza ni soni. Nataka kumsimulia Mama Nusura, aliyenitoa kwenye aibu hiyo, na siwezi kumsimulia vizuri bila kujianika mwenyewe kwanza.

Mama Nusura binti Sulaimani alikuwa mwosha vyombo wetu. Alikuwa Mnubi wa Bombo, mjukuu wa askari wale walioletwa na Waingereza kutoka Sudani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye gauni la maua makubwa na mtandio usiotulia kichwani. Asubuhi alichemsha makopo na visahani vya kioo kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Mchana, kazi ikipungua, alikaa kizingitini akisuka tabaga, vile vifuniko vya rangi ambavyo Wanubi hufunikia chakula. Hakujua kusoma. Alijua, hata hivyo, jina la kila mtoto wa kambi, nani amenuniana na nani, na sufuria ya nani iliungua jana.

Tena alikuwa akicheka. Hili lazima niliseme wazi, kwa sababu miaka ile watu wa Kampala tulikuwa tumejifunza kucheka kwa pua tu, macho yakiangalia mlangoni. Yeye alicheka kwa kifua kizima, na askari wa getini akimsikia alianza kucheka naye bila kujua kisa. Mara ngapi nimefika kazini na roho nzito, nikamsikia akigombana kwa utani na sufuria yake, nikapona nusu. Nilimpenda yule mama, na sidhani kama niliwahi kumwambia.

Basi mwezi wa nne mvua zilileta ugonjwa wa kuhara kambini, na safari hii dawa hazikufua dafu. Vile vidonge vya rangi mbili watu walikuwa wakivimeza kama njugu: kichwa kikiuma, kimoja, mtoto akikohoa, nusu, harusi ikikaribia, kimoja cha kujikinga. Vijidudu vya tumboni navyo vikazoea, vikawa sugu. Daktari mmoja wa hospitali kubwa ya mjini, aliyekuja kwetu kila Jumanne, akataka kujua ni nani kambini wanaobeba vijidudu hivyo sugu tumboni hata kama wenyewe hawaumwi.

Alitaka pia kujua jambo la pili, na hili ndilo lililomkosesha usingizi. Njia ipi inavinasa vizuri zaidi: kijiti chenye pamba, kinachoingizwa kidogo tu nyuma na kuzungushwa, au choo chenyewe kilicholetwa kwenye kopo? Kijiti ni rahisi kubeba, alisema, ila hajui kama kinasema kweli. Maagizo yake yalikuwa mafupi. Nichukue vyote viwili kwa kila mtu, siku moja, kisha tulinganishe. Nianze na wanawake kumi na mmoja wa jiko la mesi, maana mikono yao ndiyo inayolisha kambi.

Nikasema ndiyo. Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sijaoa, nimelelewa na mapadre, na nikiwazia tu kumwambia mama wa watu, pengine mke wa sajini, ageuke na ainame mbele yangu, ulimi ulinata juu ya kaakaa. Nikatafuta njia ya mkato. Nikawatangazia wanawake wa jikoni kwamba kila mmoja achague anachopenda, kijiti au kopo, na atakayechagua kijiti ajifanyie mwenyewe nyuma ya pazia. Nikajiona mwungwana kweli.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Wanawake kumi walichukua kijiti. Kopo hawakulitaka hata kuliona: lingewalazimu kupita nalo uwanjani mbele ya wanaume wote, na wengine walinong'ona kwamba choo cha mtu kikilala kwa mtu mwingine hujui atakifanyia nini. Waliingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, wakatoka haraka, wakaniwekea vijiti kwenye chupa bila kunitazama. Mimi nami nilikuwa nimegeukia ukuta, nikisoma kalenda ya mwaka uliopita.

Wa kumi na moja alikuwa Filda Adyero. Alikuwa mpishi mkuu wa mesi, Mwacholi mwenzangu wa Kitgum, na nilimwita Min Amito, yaani mama yake Amito, kama tunavyoitana kwetu. Mumewe alikuwa konstebo. Jioni moja ya mwaka 1972 aliitwa kazini na hakurudi, na kambini hakuna aliyewahi kuuliza zaidi ya hapo. Filda aliachiwa chumba chake kimoja kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa mpishi na hakuna aliyeweza kupika posho, yaani ugali, na maharagwe ya watu wengi vile bila kuunguza. Kazi ilikuwa chumba, na chumba kilikuwa shule ya Amito.

Yeye alikuwa jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri na hakuwa na muda wa mapazia. Alikuja na aproni yake, akaniwekea mezani kopo lililofungwa vizuri kwa jani la ndizi na kamba, mfano wa zawadi ya shangazi. Akasema mwanamke aliyezaa watoto wanne hana mazungumzo na kijiti, akarudi kwenye maharagwe.

Sasa nieleze kidogo kazi yetu. Unachukua ulichopewa, unakipaka kwenye kisahani chenye agari, ambayo ni mfano wa jeli, unakilaza kwenye sanduku la joto. Kesho yake vijidudu vimeota madoa. Unavipanda tena kwenye kisahani kingine, juu yake unaweka vipande vya karatasi vilivyoloweshwa dawa. Kijidudu kinachoogopa dawa huacha duara tupu kuizunguka karatasi. Kilicho sugu huota mpaka ukingoni mwa karatasi, hakina habari.

Jumatatu nikasoma majibu. Kwenye visahani vya vijiti kumi hakukuwa kumeota kitu cha maana. Kisahani cha Filda kilikuwa kimejaa, na vijidudu vyake vilikuwa vimeizunguka kila karatasi bila kuogopa hata moja. Fundi mwenye akili zake angejiuliza ni mtu gani huyo asiye na kijidudu hata kimoja tumboni, kizuri wala kibaya. Mimi sikujiuliza. Nilifurahi kwamba kazi imetoka safi, nikaandika majina kumi na mbele yake "hana", na jina moja na mbele yake "anavyo". Karatasi ikaenda kwa Inspekta Uthman.

Inspekta Uthman, naye Mnubi wa Bombo, ndiye aliyekuwa na mamlaka ya mesi. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo nikijua ni nani waliokuwa wabaya. Alikuwa mtu wa kupiga pasi mpaka leso, na alipenda shauri likatwe mara moja, bila kubakiza. Hakumaliza hata kusoma. Akasema kumbe ni huyu anayetuharisha, na kwamba ifikapo Jumamosi Filda awe ametoka jikoni na kwenye chumba, na tangu leo asiguse sahani yake. Nikafungua kinywa niseme kubeba vijidudu si kosa, nikakumbuka jina langu ni Ojara na la mwanamke ni Adyero. Wangesema namtetea wa kwetu, na mwaka ule, serikali ikitushuku sisi Waacholi, mtu wa kwetu hakutakiwa kusikika akitetea mtu wa kwetu. Nikafunga kinywa. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na bado naona aibu.

Filda alipoambiwa hakulia. Alimaliza kugawa chakula, akaenda chumbani kuangalia kama sanduku lake lina kufuli.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimekaa mbele ya hadubini bila kuangalia chochote. Mama Nusura alikuwa amekuja kuchukua visahani vya Jumatatu avichemshe. Alivipanga kwenye beseni, akasimama. Akakitoa kimoja, akakielekeza dirishani kwenye mwanga. Akatoa cha pili, cha tatu, mpaka kumi. Halafu akanigeukia.

"Musawo," akaniita, maana Kampala kila mwenye koti jeupe ni musawo, "hii sahani hapana ya watu."

Nikamwuliza ni ya nani basi.

"Ya maji. Mimi naosha sahani ya tumbo hapa miaka sita. Nasugua mpaka kucha inauma. Hii iko nyeupe tu. Tumbo ya mtu hapana kuwa nyeupe namna hii, hata ya sheikhe."

Nilitaka kubisha, kwa sababu mtu akionyeshwa upumbavu wake hubisha kwanza. Kabla sijabisha yeye mwenyewe akaketi kwenye kigoda, akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa akicheka, na alicheka mpaka machozi yakatoka, akashindwa kusema, akaniashiria kwa mkono nisubiri.

Kisa kilikuwa hiki. Alhamisi jioni aliwakusanya wale wanawake wa jikoni, wengi wao Wanubi wenzake, akawaambia kesho mtaenda kwa musawo, tena mahali penyewe ni huko, msiniaibishe. Akawapa chupa ya dawa ya kudekia sakafu ya maabara, ile ya kahawia inayogeuka maziwa ikiguswa na maji. Kila mmoja akatia kwenye birika lake la kutawadhia. Ijumaa wakaoga kwa ajili ya siku, wakatawadha, wakajiosha kwa vipande vya mwisho vya sabuni walivyokuwa wameficha, wakajiosha kwa dawa ya sakafu, na mmoja wao, Safinah, alirudia mara tatu kwa sababu alisikia daktari anatumia miwani inayokuza. Ndipo wakaja kwangu. Na nyuma ya pazia, je, kijiti waliingiza? Nusura akanitazama kwa huruma. Hakuna aliyeingiza. Waligusa ngozi kwa nje, tena kwa adabu, wakakirudisha.

Kwa hiyo nilikuwa nimepima sabuni. Nikaanza kucheka na mimi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa sauti tangu sikumbuki lini. Tulicheka wote wawili tukishikilia meza. Halafu kicheko kikamtoka Nusura usoni chote, ghafla.

Akaniuliza kama Filda naye alijiosha. Nikasema Filda alileta kopo. Akafikiri kidogo, na nikaona likimfikia: kwamba mwanamke mmoja tu ndiye aliyetuletea ukweli, na huyo ndiye anayefukuzwa. Akaniuliza nimemwambia nini afande. Nikamweleza kwa nini sikusema kitu.

Alinikasirikia kama mama anavyomkasirikia mwanawe mkubwa, bila kupaza sauti. Akaniambia hofu anaijua, hofu haina kabila, lakini kalamu iliyoandika karatasi ile ilikuwa mkononi mwangu na si mwa mtu mwingine.

"Sawa," akasema mwishoni, akiinuka. "Wewe nyamaza tu. Mimi siko Mwacholi. Na dawa ya sakafu ni mimi nilitoa."

Daktari alifika saa nne. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama wima kama mtoto wa shule. Alivua miwani, akaipangusa, akacheka hadi akaomba maji, kisha akanikaripia vizuri sana, kwa utaratibu, na kila neno lilikuwa haki yangu. Akakaa akamwandikia Inspekta barua: majibu ya kwanza hayafai, kipimo kirudiwe kwa wote wanaopika, wanaogawa na wanaokula mesi, watu arobaini, kila mtu kijiti na kopo, hakuna kujiosha tangu alfajiri, namba badala ya majina, na majibu yatoke Jumamosi asubuhi. Nusura aliipeleka mwenyewe. Inspekta Uthman alikubali bila shida. Alikuwa na hakika na tumbo lake.

Kuwaambia watu arobaini wasijioshe kulikuwa kazi nzito kuliko kuwashawishi walete kopo. Lakini Nusura alishajua dawa ya kopo. Watu hawaogopi kopo, aliniambia, wanaogopa kuonekana nalo. Akatoa nyumbani kwake vikapu vyake vyote vidogo na tabaga za kuvifunikia, nyekundu, kijani, zambarau, akazungusha kambi nzima. Jumatano asubuhi uwanja wa kambi ulijaa watu wanaotembea kwa heshima wakiwa wamebeba vikapu vilivyofunikwa, kana kwamba wanapeleka vitafunio kwa wakwe. Mgeni mmoja aliyepita getini aliuliza ni harusi ya nani. Askari akamjibu ni ya serikali.

Vijiti vya wanawake alichukua Nusura. Nilimfundisha kwa papai bivu, kiasi gani kiingie, kizungushwe mara ngapi, kisiguse pembeni kikitoka. Alijifunza kwa mapapai mawili tu, na la pili tulilila. Yeye mwenyewe akawa namba moja, kwa kuwa sisi wa zahanati nasi tulikula mesi, akajilaza mbele ya wenzake na kusimulia huku akifanyiwa na Safinah kwamba hata kuchomwa mwiba kunauma zaidi. Baada ya hapo sikusikia nyuma ya pazia ila vicheko.

Upande wa wanaume haukuwa na raha hiyo. Konstebo mmoja alikimbia, akarudishwa na mkewe. Inspekta Uthman alikuja saa tano, namba ishirini na mbili, na kikapu cha tabaga ya zambarau. Alivua mkanda, akaiweka bastola mezani kwangu katikati ya makopo, akageukia ukutani. Muda wote alinihutubia juu ya mpira, jinsi wachezaji wa siku hizi wasivyo na nidhamu. Nilijikaza kisabuni. Mkono wangu ulitulia, na hilo ndilo jambo la kishujaa pekee nililolifanya mwaka mzima.

Alhamisi nilipanda, Ijumaa nikaweka karatasi za dawa, Jumamosi alfajiri tukasoma, mimi kwenye hadubini na Nusura dirishani. Nilimpigia daktari simu ya ofisini na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyepata mtoto. Makopo yalinasa watu kumi na wanane kati ya arobaini. Vijiti, safari hii vikiwa vimechukuliwa kama inavyotakiwa, vilinasa kumi na watano, na wote walikuwa miongoni mwa wale kumi na wanane. Kopo linaona zaidi, basi, lakini kijiti si mwongo ukikitendea haki. Daktari alirudia maneno hayo mara tatu ili ayaandike.

Jikoni walikuwa sita kati ya kumi na mmoja. Filda alikuwamo. Safinah wa kuosha mara tatu alikuwamo. Nje ya jikoni, namba tatu, yaani mimi, nilikuwamo. Na Mama Nusura, nilipomwambia namba moja anavyo, alijishika tumbo kwa mikono miwili.

"Kumbe nafuga," akasema, akacheka.

Halafu nikamsomea namba zilizobaki, na yeye, ambaye alikuwa amepokea kila kikapu mkononi na kukariri namba yake, alizifuata kwa vidole. Tulipofika ishirini na mbili kidole kilisimama. Tukatazamana. Hatukucheka.

Saa nne wapishi na wagawaji walipangwa mstari kwenye uwanja wa mesi. Filda alisimama mwisho, aproni imefuliwa. Sanduku lake lilikuwa tayari mlangoni kwake, tuliliona sote. Inspekta Uthman akanitaka nisome. Nikasoma namba kumi na nane, moja moja, na kila aliyesikia yake alimtazama jirani yake kwa siri; Inspekta, mwenye hakika na tumbo lake, hakuwa hata ameikariri yake. Nikaongeza kwamba hawa si wagonjwa na hawana hatia, wanabeba tu, na mtu yeyote anaweza kubeba.

Inspekta alikunja uso. Akasema kumbe hali ni mbaya kuliko alivyodhani. Akasema yeye hapendelei mtu, si Mnubi, si Mwacholi, si Mganda. Kama ni kumi na wanane, basi wote kumi na wanane watoke kazini na kwenye vyumba leo hii, na nimpe majina yaliyo mbele ya namba. Akanyoosha mkono. Daftari la majina lilikuwa kwapani mwangu.

Mama Nusura akatoka kando yangu. Alitembea polepole mpaka mbele yake, akarekebisha mtandio, akamwambia kwa Kiswahili, watu wote wakisikia:

"Afande, kabla ya kusoma jina, mimi naomba sikio."

Sijui kwa nini alilitoa. Labda ni kwa sababu mama mtu mzima wa Bombo akiomba sikio, mtoto wa Bombo huinama hata akiwa na nyota begani. Aliinama. Nusura akamnong'oneza kwa Kinubi, maneno machache tu. Nilikuwa hatua moja kutoka kwao na nilikuwa nimekijua Kinubi kiasi kwa kukaa naye. Alimwambia: ishirini na mbili ni tabaga ya zambarau, mwanangu, niliipokea kwa mkono wangu, na mpaka sasa tunajua watatu tu.

Inspekta Uthman alibaki ameinama muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Aliponyooka alinitazama mimi, si Nusura.

"Ni kweli?"

"Kweli, afande," nikasema. Ukweli ndio niliopaswa kuusema Jumatatu, na nilipousema niliona jinsi ulivyokuwa mfupi.

Akauliza daktari anashauri nini kwa watu kama hawa. Nikamjibu kwamba watu kama hawa wanashauriwa wanawe mikono kwa sabuni wakitoka chooni na kabla ya kushika chakula, wasimeze vidonge bila sababu, na waendelee na kazi zao. Akauliza kama ni hayo tu. Nikasema ni hayo tu, ila sabuni hakuna. Jikoni wananawa kwa majivu tangu mwezi wa pili, kama Kampala nzima.

Alitazama mstari ule wa wanawake. Alitazama sanduku kwenye mlango wa Filda. Nilimwona akipiga hesabu yake mwenyewe, na mtu asiyempenda angesema alijiokoa tu. Labda. Mimi nimeona wakubwa wengi wa miaka ile wakijiokoa, na njia yao haikuwa hii. Alimwita koplo, akamwambia afungue stoo ya maofisa alete lile boksi la sabuni lote, si nusu. Kisha akasema kwa sauti ya gwaride kwamba kuanzia leo hakuna anayeingia mesi bila kunawa, na hakuna anayetoka kazini. Sanduku lile lirudishwe ndani.

Wanawake hawakushangilia, walikuwa wamezoea kusubiri kwanza. Nusura peke yake ndiye aliyepiga kigelegele, kimoja kirefu, na hapo wengine wakamfuata mpaka askari wa getini akaja kuona. Mimi nililia kidogo. Sioni sababu ya kuficha.

Boksi lilipofika Inspekta alitoa mche mmoja, akaukata kwa kisu cha jikoni, akamwendea Filda. Walisimama wakitazamana, yule aliyesema asiguse sahani yake na yule aliyekuwa aondoke leo. Filda hakujua lolote juu ya tabaga ya zambarau, wala hakupata kujua mpaka alipozikwa kwao Kitgum. Alichojua ni kwamba ana kazi. Alichukua jagi la maji, akaweka beseni chini, akangoja.

Inspekta Uthman akapandisha mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akaikinga mikono yake mbele ya mpishi. Filda akamimina maji polepole. Inspekta alipotaka kuiondoa mikono, Filda aliacha kumimina, akatikisa kichwa.

"Bado, afande," akasema. "Kucha pia."

Inspekta akairudisha mikono.